Tembe za Shilingi Hamsini Hazitaponya Chunusi

IKIWA umewahi kusimama katika duka la dawa mjini Karatina siku ya soko, bila shaka umemwona msichana ninayemzungumzia. Husubiri hadi wateja wengine waondoke. Leso ameifunga kichwani hadi ikakaribia nyusi, na anapozungumza huinamisha uso. "Daktari," hunong'ona, "nipe ile dawa ya chunusi. Nipe za hamsini." Huyo anayeitwa daktari, ambaye aghalabu si daktari wala mfamasia, hamwulizi chochote. Hufungua mkebe, huhesabu tembe za rangi mbili kulingana na pesa alizopewa, huzitia katika bahasha ndogo ya kaki na kuandika juu yake 1x2. Msichana huondoka. Biashara imekwisha.

Nayajua haya kwa kuwa zamani mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya kaunta. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kibarua katika duka moja la dawa katika mojawapo ya miji hii inayouzunguka Mlima Kenya. Mji wenyewe sitautaja, wala duka. Mwenye duka alinifundisha kazi kwa siku tatu: mkebe huu ni wa maumivu, huu wa kikohozi, huu wa "viini". Aliyekuja na jeraha alipewa za viini. Aliyelalamika koo, za viini. Mwenye chunusi, za viini. Mimi mwenyewe nilikuwa na chunusi wakati huo, na jioni nilipokuwa nikifunga duka nilijitilia mbili tatu mfukoni. Hazikunisaidia, lakini sikuacha kuwauzia wenzangu.

Nimeandika makala haya kwa sababu mambo hayajabadilika kiasi cha kutosha tangu siku hizo. Msimamo wangu ni huu: antibayotiki za kumeza, yaani zile dawa za kuua bakteria, zina nafasi yake katika tiba ya chunusi, lakini nafasi hiyo ni nyembamba, ina siku ya kuanza na siku ya kumalizika, na haipatikani kwa tembe za shilingi hamsini. Anayezinunua kwa mtindo huo hupoteza pesa zake, hubaki na chunusi zake, na isitoshe huwaharibia dawa watu wa nyumbani kwake ambao huenda wakaihitaji siku moja kuokoa maisha.

Tuanze na chunusi zenyewe, maana hapa ndipo makosa yanapoanzia. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba chunusi ni damu chafu inayotafuta njia ya kutokea. Wengine waliambiwa ni uchafu wa uso, nao wakajisugua kwa sabuni kali ya kufulia na jiwe la kuogea hadi ngozi ikachubuka. Wasichana wakaambiwa zitaisha wakiolewa. Hakuna hata moja katika hayo lililo kweli. Kijana anapobaleghe, homoni mwilini huziamsha tezi za mafuta zilizo chini ya ngozi, hasa usoni, kifuani na mgongoni. Mafuta huwa mengi, na seli zilizokufa huziba mlango mdogo ambamo unywele hutokea. Nyuma ya kizibo hicho mafuta hurundikana, na humo bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye hadi mwaka 2016 alijulikana kama Propionibacterium acnes, hustawi. Mwili huja kupambana, na vita hivyo ndivyo tunavyoviona kama kijipu chenye maumivu na usaha.

Tazama basi, mambo manne yanahusika: mafuta, kizibo, bakteria na uvimbe. Huyo bakteria si mgeni. Anaishi katika ngozi ya karibu kila mtu mzima, mwenye chunusi na asiye nazo. Antibayotiki ya kumeza hupunguza bakteria na kutuliza uvimbe, basi. Kizibo haikigusi. Mafuta hayapungui hata tone. Ndiyo sababu mtu aliyetibiwa kwa tembe peke yake hurudi pale pale wiki chache baada ya kuziacha, na ndiyo sababu mwenye vijipele vidogo vyeupe na vichwa vyeusi tu, visivyo na uvimbe, hapaswi kupewa antibayotiki hata moja.

Ni akina nani basi wanaozihitaji? Ni wale wenye chunusi nyingi zilizovimba, zenye usaha, zinazouma, zilizoenea hadi mgongoni au kifuani, au zinazoacha makovu. Kwa hao, dawa za jamii ya tetrasaiklini zimetumika tangu miaka ya 1950, na siku hizi inayopendekezwa zaidi ni doksisaiklini, kwa kawaida miligramu 100 kwa siku. Mwongozo wa Uingereza uliotolewa mwaka 2021 unasema tiba hiyo iwe ya wiki 12 kwanza, kisha daktari aangalie upya, na kwamba kuvuka miezi sita ni jambo la nadra sana. Madaktari wa ngozi wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2024, wanasema karibu yayo hayo. Wote wanasisitiza sharti moja: tembe hizo zisitumiwe peke yake kamwe, bali pamoja na dawa ya kupaka.

Sasa linganisha wiki 12 na bahasha ya kaki. Kwa kawaida doksisaiklini huchukua wiki sita hadi nane kabla ya uso kuonyesha tofauti ya maana. Msichana wetu wa Karatina amepewa tembe za siku mbili, au tatu akibahatika. Hata kama dawa ilikuwa ndiyo, na mara nyingi siyo, kwa kuwa tulikuwa tukiuza amoksilini ambayo si dawa ya kawaida ya chunusi, ameiacha kabla haijaanza kazi. Akirudi mwezi ujao atanunua nyingine za hamsini. Mwaka mzima atakuwa amemeza antibayotiki mara kumi na asipate tiba hata mara moja. Ukitaka kubuni njia ya kuwafunza bakteria kuizoea dawa bila kumponya mgonjwa, huwezi kupata iliyo bora kuliko hiyo.

USUGU

Kuna wanaodhani kwamba usugu wa dawa ni hadithi ya madaktari wa Nairobi. Hebu tusikize yaliyotokea kwingine kwanza. Ripoti za mwanzo za bakteria wa chunusi waliokuwa sugu zilitoka Marekani mwaka 1979. Mjini Leeds, Uingereza, madaktari waliwapima wagonjwa wa chunusi mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1991, wagonjwa wapatao 35 katika kila 100 walikuwa na bakteria sugu kwa dawa moja au zaidi za chunusi. Kufikia mwaka 1997 walikuwa 64. Tena huko dawa hutolewa kwa cheti cha daktari! Watafiti wa Ulaya pia waliwakuta bakteria hao sugu kwenye ngozi za watu waliokuwa wakiishi na wagonjwa, watu ambao wenyewe hawakuwa wamemeza tembe yoyote.

Lakini ngozi ni sehemu ndogo ya habari. Tembe unayoimeza kwa ajili ya uso haina macho ya kuuona uso. Hushuka tumboni, huingia katika damu, huzunguka mwili mzima, na njiani huwaua bakteria dhaifu wa utumbo na kuwaacha wenye nguvu. Bakteria wa utumbo wana tabia ya kupeana silaha: aliyejifunza kuishinda tetrasaiklini anaweza kumgawia jirani yake wa aina nyingine ujuzi huo. Tangu miaka ya 1990, watafiti wa taasisi ya KEMRI wamekuwa wakiripoti viini vya homa ya matumbo hapa Kenya vinavyozistahimili kwa pamoja ampisilini, kloramfenikoli, kotrimoksazoli na tetrasaiklini. Sisemi kwamba chunusi ndizo zilizoleta homa hiyo sugu. Nasema kwamba mkebe ulikuwa mmoja, na sisi sote tulikuwa tukichota humo.

Na hapa Nyeri tuna sababu ya pekee ya kuitunza doksisaiklini. Sisi ni watu wa ng'ombe. Katika vijiji vya Othaya, Tetu, Kieni na Mathira, na kuvuka hadi Laikipia, nyumba nyingi zina ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, na si kila maziwa hufika jikoni kuchemshwa. Maziwa mabichi, na mikono mitupu inayomsaidia ng'ombe aliyeharibu mimba, huleta ugonjwa wa brusela: homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo kuuma, mgongo kukatika. Tiba yake ya kawaida ni doksisaiklini kwa wiki sita, ikisaidiwa na dawa nyingine. Doksisaiklini hiyo hiyo hutibu kipindupindu na baadhi ya magonjwa ya zinaa, na wasafiri huimeza kujikinga na malaria. Baba anayeugua brusela na binti mwenye chunusi huenda wakala ugali katika sufuria moja. Dawa yao ni moja pia.

Nitoke nje ya njia kidogo. Ukitoka duka la dawa katika mji wowote wetu, hatua ishirini tu utapata duka la pembejeo na dawa za mifugo. Rafuni utaona oksitetrasaiklini, dada yake doksisaiklini, ikiuzwa kwa ajili ya ng'ombe na kuku. Nimewasikia vijana wakisema kwamba ya ng'ombe ni kali zaidi, hivyo itamaliza chunusi upesi. Ndugu yangu, usithubutu. Kipimo cha ng'ombe ni cha ng'ombe. Na mfugaji anayetia unga huo katika maji ya kuku kila wiki "ili wasiugue" anafanya kosa lile lile la bahasha ya kaki, tofauti ni manyoya tu.

Duniani kote gharama ya mchezo huu imeshahesabiwa. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba katika mwaka 2019 peke yake, watu milioni 1.27 walikufa kutokana na maambukizi ya bakteria sugu, na eneo la Afrika kusini mwa Sahara ndilo lililobeba mzigo mzito zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Serikali yetu ilitoa sera ya kitaifa ya kuzuia usugu mwaka 2017. Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244, ipo tangu zamani, na Bodi ya Dawa na Sumu ina wakaguzi. Karatasi zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama kaunta na kusema, "Binti, hizi sikuuzii bila cheti." Mimi sikulisema neno hilo hata siku moja, kwa kuwa nilijua angevuka barabara na kununua kwa jirani, na mwenye duka angeniuliza pesa za siku zimekwenda wapi.

UKIANDIKIWA, ZIMEZE HIVI

Tuseme sasa umekwenda hospitali, ya kaunti pale Nyeri, au Mathari, au Tumutumu, au za Embu, Meru na Nanyuki, na daktari amekuangalia na kuamua kwamba doksisaiklini inakufaa. Kuna mambo ambayo foleni ikiwa ndefu huenda hutaambiwa.

Imeze kwa maji, tena gilasi nzima, ukiwa umesimama au umeketi, wala usilale kwa nusu saa hivi baadaye. Tembe hii ikikwama katika umio hulichoma, na maumivu yake hayasahauliki. Wanafunzi wa mabweni ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa humeza bila maji baada ya taa kuzimwa na kujitupa kitandani. Tena si kwa chai yetu ya maziwa. Najua katika sehemu hizi hakuna kinachomezwa bila chai, lakini maziwa huishika dawa na kuizuia kuingia mwilini. Kwa doksisaiklini hasara ni ndogo kiasi. Kwa tetrasaiklini ya zamani unaweza kupoteza nusu au zaidi. Dawa za kupunguza asidi tumboni na tembe za madini ya chuma hufanya vivyo hivyo, ziache zipishane kwa saa kadhaa.

Jua nalo. Doksisaiklini huifanya ngozi iungue upesi, na watu weusi tusijidanganye kwamba hilo ni la Wazungu. Mstari wa Ikweta unapita Nanyuki, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na miale mikali ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Baridi ya asubuhi hutuhadaa. Kijana anayemeza dawa hii kisha akashinda shambani, au akicheza mpira adhuhuri, anaweza kuona uso umekuwa mweusi na wenye kuwasha, na kwa mwenye chunusi madoa huzidi kukolea. Kofia pana si fasheni tu.

Mwanamke mjamzito asiimeze, wala watoto wadogo wasipewe, kwa kuwa jamii hii ya dawa hupaka meno yanayoendelea kukua rangi ya kahawia isiyotoka, na mifupa pia huathirika. Ukinyonyesha, mwambie daktari kabla hajaandika. Msichana ambaye hana hakika kama ana mimba aseme ukweli, hata kama mama ameketi kando. Daktari mwenye busara atamwomba mama atoke kidogo. Baadhi ya wasichana hupatwa na mwasho wa ukeni kwa sababu ya kuvu, ambao hutibika. Kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, acha dawa na urudi hospitalini siku hiyo hiyo. Na tembe kuukuu zilizopita tarehe zitupwe: tetrasaiklini iliyoharibika iliwadhuru watu figo huko nyuma katika miaka ya 1960.

KINACHOPASWA KUNUNULIWA KWANZA

Mpenzi msomaji, dawa ambayo ningetamani iwe maarufu kwetu kama zile tembe inaitwa benzoili peroksaidi. Ni ya kupaka, huwa jeli, krimu au sabuni ya maji ya kunawia. Huua bakteria wa chunusi kwa njia ambayo mpaka leo hawajaweza kuizoea, na husaidia kufungua vizibo. Anza na ya kiwango kidogo, asilimia 2.5 au 5, upake kidogo uso wote wala si juu ya kijipu peke yake, siku moja ukiruka moja hadi ngozi izoee. Itakauka na kuchonyota mwanzoni. Na itakufubazia taulo na kola ya shati la shule, kwa hiyo tumia taulo kuukuu. Ukishaandikiwa antibayotiki, dawa hii ndiyo inayozuia usugu. Tembe zikiisha, ndiyo inayoendelea kuulinda uso. Dawa nyingine ya kupaka ni ya jamii ya retinoidi, kama adapaleni, ambayo kazi yake hasa ni kuzuia vizibo. Hiyo mjamzito asiiguse.

Wanawake wakubwa ambao chunusi huwatoka tayani kila mwezi kabla ya siku zao wana njia nyingine za kutibu upande wa homoni. Na wale wenye mabonge makubwa yanayoacha mashimo wapelekwe kwa mtaalamu wa ngozi mapema, wasipotezewe mwaka kwa tembe. Yupo isotretinoini kwa ajili yao, dawa yenye nguvu ambayo huharibu mtoto tumboni na hairuhusiwi kuchanganywa na doksisaiklini.

Kabla ya yote hayo, hebu jitazame unajipaka nini. Kwa sababu ya baridi ya Julai, wengi wetu hujipaka mafuta mazito usoni, hata yale ya kukamulia ng'ombe. Mikono na miguu itashukuru, lakini mwenye chunusi auache uso wake. Mafuta ya nywele yanayoteremka hadi kwenye paji la uso huleta vipele vyake mahususi. Mbaya kuliko yote ni krimu za kung'arisha uso zinazochanganywa mitaani: nyingi huwa na dawa za steroidi, ambazo hulainisha ngozi kwa wiki mbili tatu kisha huzaa chunusi za aina yake, na ukiziacha uso huwaka moto. Msichana mwenye chunusi za krimu akipewa antibayotiki anapewa jibu la swali ambalo hakuuliza. Vijana wa kiume nao, vipele vinavyowatoka shingoni na kidevuni baada ya kwenda kwa kinyozi mara nyingi si chunusi. Ni ndevu zilizojikunja na kurudi ndani ya ngozi, na dawa yake ya kwanza ni kuacha kunyoa hadi chini kabisa.

WATANIULIZA

Najua nitaulizwa: wewe unayeandika gazetini, wajua tyubu moja ya jeli hiyo inauzwaje? Naam, najua. Na hapa ndipo ninapowatetea wale wasichana wa leso. Doksisaiklini ni miongoni mwa dawa za bei rahisi kabisa dukani, na huuzwa moja moja. Tyubu haiuzwi kwa robo. Mtu mwenye shilingi hamsini mkononi hana uchaguzi kati ya tembe na jeli. Ana uchaguzi kati ya tembe na kurudi nyumbani vivi hivi. Kumlaumu yeye peke yake ni kumwonea.

Isitoshe, maumivu yake ni ya kweli. Kuna watu wazima wanaowacheka vijana kwa kusema kwamba chunusi haziui. Waulize walimu wa shule za bweni kuhusu mwanafunzi anayekataa kwenda mbele ya darasa. Waulize wasichana wa vyuo vya Kimathi na Karatina kuhusu picha wanazokataa kupigwa. Kwenye ngozi yetu nyeusi kila kijipu huacha doa linaloweza kukaa miezi mingi baada ya chunusi yenyewe kupona, hivyo mateso huwa mara mbili. Mtu anayeteseka hivyo na akakosa daktari atanunua chochote.

Kwa hiyo lawama yangu kubwa naipeleka kwingine. Shirika la Afya Duniani limeiweka benzoili peroksaidi katika orodha yake ya dawa muhimu, yaani zile ambazo mfumo wa afya unaojiheshimu haupaswi kuzikosa. Huduma za afya zilikabidhiwa kaunti mwaka 2013, na Nyeri ilikuwa miongoni mwa kaunti nne zilizochaguliwa kwa majaribio ya Afya kwa Wote yaliyozinduliwa Desemba 2018, pamoja na Kisumu, Isiolo na Machakos. Kaunti iliyowahi kupewa heshima hiyo haiwezi kushindwa kuhakikisha kwamba jeli ya chunusi inapatikana kwa bei nafuu katika maduka ya dawa ya hospitali zake, kutoka Mukurweini hadi Mweiga. Hesabu ni rahisi. Tyubu moja haifikii gharama ya kumlaza mgonjwa mmoja ambaye dawa za kawaida zimemkataa.

Wataalamu nao wanaweza kuongezwa bila kungoja miaka kumi na mitano ya kumsomesha daktari bingwa. Huko Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho huwachukua maafisa wa kliniki kutoka nchi mbalimbali za Afrika na kuwafunza kuhudumia ngozi. Kaunti za Mlima Kenya zikikubaliana kupeleka afisa mmoja mmoja, kila hospitali kubwa itapata mtu ambaye akikuona anajua hii ni chunusi, hii ni krimu, na hii ni kinyozi.

Wenye maduka ya dawa pia nina neno nanyi, kwa kuwa nilikuwa mmoja wenu. Hamtafilisika mkikataa kuuza antibayotiki za hamsini. Wekeni jeli ya asilimia 2.5 mahali ambapo mkebe wa viini ulikuwa, na mfamasia aliyesajiliwa aonekane kwa mteja, si cheti chake tu kilichotundikwa ukutani huku mwenyewe akiwa Nairobi.

Nawe uliye na bahasha ya kaki nyumbani, yenye tembe nne au tano zilizobaki tangu mwaka jana, usimpe mdogo wako aliyeanza kutokwa na chunusi. Zipeleke kwa mfamasia azitupe inavyotakiwa, na ukiwa hapo muulize kama ana benzoili peroksaidi. Akisema hana, mwambie aagize.